Maneno Unayodhani Unayajua: Ushauri kwa Wanaokwenda Kusoma Uingereza

Sisi wa Afrika Mashariki tunapokwenda kusoma Uingereza, msamiati wa chuo kikuu tunao tayari. Makerere ilipofanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Nairobi na Dar es Salaam zikaingia katika uhusiano wa namna hiyo mwaka 1961. Ndiyo maana hadi leo tunazungumza habari za first class, upper second, mtahini wa nje na semina kana kwamba tulizaliwa nazo. Urithi huo unasaidia, lakini umewaponza vijana wengi. Neno geni mtu huliulizia. Neno analodhani analijua hulipita haraka, akatia sahihi na kulipa, na anapokuja kugundua kwamba wenyewe wanalitumia kwa maana nyingine, tarehe ya kurekebisha imeshapita.

Sitapita kila neno hapa. Mengi utayazoea wiki mbili za kwanza, na kutoyajua hakutakugharimu kitu. Nitakaa kwenye yale yanayobeba fedha, viza au miaka ya maisha yako, na nitayaandika kama yanavyoandikwa kwenye barua na fomu, kwa sababu huko ndiko utakakokutana nayo.

Tuanze na barua ya udahili. Kijana anapokea baruapepe kutoka chuo cha Manchester au Leeds, anaona neno "offer", nyumba nzima inashangilia, na jioni hiyohiyo mjomba anaanza kupiga simu za michango. Kabla ya simu hizo, tafuteni neno moja katika barua: "conditional" au "unconditional". Ofa ya "conditional" maana yake nafasi haijawa yako bado. Umeahidiwa ukitimiza masharti, na masharti yameandikwa humo humo: matokeo ya kidato cha sita, alama za mtihani wa Kiingereza kama IELTS, barua ya mwalimu anayekufahamu, pengine na dipoziti. Sharti la Kiingereza lisome mara mbili. Vyuo hutaja wastani na pia kiwango cha chini kwa kila sehemu ya mtihani, kwa hiyo mwenye wastani mzuri anaweza kukwama kwa sababu ya alama ya kuandika peke yake. Ofa ya "unconditional" inamaanisha kuwa upande wa masomo umemaliza. Hata hiyo si ruhusa ya kusafiri, na nitaeleza kwa nini.

Wanaoomba shahada ya kwanza hupitia UCAS, mfumo mmoja wa maombi unaohudumia vyuo vya Uingereza nzima. Unachagua hadi nafasi tano katika fomu moja. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, na anayetaka vyuo hivyo, au kozi nyingi za udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo, tarehe yake ya mwisho ni 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Wanafunzi wetu wengi huanza kuulizia Januari, na kwa kozi hizo Januari ni kuchelewa. Majibu yakirudi utatakiwa uteue ofa ya "firm" na ya "insurance". Ya kwanza ni chuo unachokitaka hasa. Ukitimiza masharti yake, umefungwa kwake. Ya pili ni akiba, nayo hufunguka tu pale ya kwanza inapokukataa. Ndiyo maana akiba lazima iwe na masharti mepesi kuliko ile ya kwanza. Nimeona fomu ambazo chuo cha akiba kinadai alama za juu zaidi, kwa sababu tu mwombaji alikipanga kwa kukipenda. Akiba ya namna hiyo haimwokoi mtu. Ukikosa zote mbili kuna "Clearing", kipindi kinachofunguliwa Julai ambapo vyuo hutangaza nafasi zilizobaki. Kupita huko si aibu, ila anayetoka nje ya nchi ajue kwamba muda wa viza utakuwa finyu.

Wa shahada ya uzamili kwa kawaida huomba chuoni moja kwa moja. Wote wawili wanaweza kuomba "deferral", yaani kusogeza kuanza masomo hadi mwaka unaofuata. Hilo huombwa kwa maandishi na hukubaliwa kwa maandishi. Ulizia mambo mawili kabla ya kukubali: je, ada itakuwa ya mwaka huu au ya mwaka ujao? Na ufadhili, kama umeupata, utakusubiri? Mara nyingi ada hupanda na ufadhili haungoji.

Kuna neno "foundation" ambalo wazazi huambiwa kijuujuu. Shahada za kule zimejengwa juu ya A-level, na aliyemaliza kidato cha sita Tanzania au Uganda yuko karibu na kiwango hicho. Aliyeishia kidato cha nne hayuko, na mwenye KCSE ya Kenya mara nyingi huelekezwa kwenye mwaka wa "foundation" kwanza. Mwaka huo unalipiwa, na huongeza mwaka mzima kwenye bajeti. Tena si kozi zote za namna hiyo zinazofundishwa na chuo chenyewe. Nyingi huendeshwa na kampuni mshirika, barua ikiwa na nembo ya chuo kikuu juu yake. Swali la kuuliza ni hili: nikimaliza, napandishwa mwaka wa kwanza kwa alama gani, na nisipozifikia inakuwaje? Jibu liwe kwenye karatasi. Vilevile, kijana akisema anakwenda "college", muulize ni college ya aina gani. Imperial College London ni chuo kikuu kamili. College za Oxford na Cambridge ni sehemu za chuo kikuu ambako wanafunzi huishi na kupata walimu wao wa karibu. Na zipo college za mitaani ambazo Mwingereza wa miaka 16 huenda baada ya sekondari kusomea ufundi au A-level.

Sasa fedha, na hapa naomba msomaji asiharakishe.

Ada za Uingereza ziko za namna mbili: "home" na "overseas", ambayo vyuo vingine huiita "international". Kwa shahada ya kwanza England, ada ya "home" imewekewa kikomo na serikali. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 kikomo ni pauni 9,535. Ada ya "overseas" haina kikomo cha serikali, na inaweza kuwa mara mbili, mara tatu au zaidi. Familia nyingi za Mombasa na Zanzibar, na zile zilizohamia Muscat au Dubai, zinaamini kwamba mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza atalipa ada ya "home". Pasipoti peke yake haitoshi. Kwa kawaida chuo huangalia pia ulikuwa ukiishi wapi miaka mitatu kabla ya masomo kuanza. Mtoto aliyezaliwa London akalelewa Mombasa anaweza kupangiwa ada ya mgeni. Uamuzi hufanywa na chuo chenyewe, na kipo utaratibu wa kuomba upitiwe upya kwa vielelezo. Fanya hivyo kabla hujajisajili, maana baada ya hapo mlango huwa mgumu kufunguka.

Neno "scholarship" nalo lipimwe kwa pauni. Vyuo vingi hutoa punguzo la ada la pauni elfu mbili au tatu na kuliita jina hilo. Ni msaada, lakini ada iliyobaki, chumba na chakula vyote bado ni vyako. "Bursary" kwa kawaida ni msaada unaotazama hali ya kifedha ya mwanafunzi. "Stipend" ni fedha ya kujikimu inayoingia kwa vipindi, kama lile bumu la wanafunzi wa Tanzania, isipokuwa "stipend" haidaiwi baadaye. "Studentship" ni ufadhili wa mtafiti wa uzamivu, nao huunganisha ada na fedha ya kujikimu. Ukikuta "fully funded", tafuta orodha ya vinavyolipiwa: ada, nauli, viza, kodi ya chumba. Ufadhili wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, hugharamia uzamili wa mwaka mmoja na hukutaka urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Upo pia wa Jumuiya ya Madola, ambao Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuuwania.

Neno ninaloliogopa kuliko yote ni "sponsor", kwa sababu Mswahili akilisikia humfikiria anayemlipia. Katika sheria ya uhamiaji ya Uingereza, "sponsor" wa mwanafunzi ni chuo kilichopewa leseni na serikali ya kumpokea. Chuo kisicho na leseni hiyo hakiwezi kukupatia viza ya mwanafunzi, hata kiwe na tovuti nzuri namna gani. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Itazame mwenyewe, usiachie wakala. Kisha kuna "official financial sponsor", na huyu ni serikali, shirika la kimataifa, chuo kikuu au taasisi ya namna hiyo. Mjomba si mmoja wao, hata awe tajiri. Fedha za kuonyesha kwenye maombi ya viza zinatakiwa ziwe kwenye akaunti yako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria, au ya mwenzi wako. Ya mzazi huambatana na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kuridhia. Baba mdogo, shangazi, kaka mkubwa, mzee wa ukoo: fedha yao haihesabiwi ikiwa bado iko kwenye akaunti zao. Huku kwetu baba mdogo ni baba, na kwa maisha yetu hilo ni sahihi kabisa, ila afisa wa viza anasoma cheti cha kuzaliwa.

Fedha hiyo iwe imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe ya zamani zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Hapo ndipo michango yetu inapokwama. Ukoo unakusanya vizuri, fedha inatimia, inawekwa benki wiki moja kabla ya maombi, na viza inakataliwa ingawa hakuna aliyedanganya. Kama mnachanga, changeni mapema, fedha iingie kwa mwenye haki ya kuionyesha, na isiguswe hata kwa dharura ndogo. Kiwango chenyewe ni ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki, pamoja na gharama za kuishi hadi miezi tisa kwa kiasi ambacho serikali hukitangaza, London kikiwa juu kuliko kwingine. Kiasi hicho hubadilika, kwa hiyo kisome kwenye tovuti ya serikali wiki ile unayoomba, si kwenye karatasi ya rafiki aliyekwenda mwaka jana.

Ukishatimiza masharti, chuo hukupa CAS. Wengi husubiri cheti chenye mhuri. CAS ni namba ya kielektroniki, nyuma yake zikiwa taarifa zako: jina, kozi, tarehe, ada uliyokwisha kulipa. Inadumu miezi sita na hutumika mara moja. Kabla haijatolewa utatumiwa taarifa hizo uzihakiki, na hakuna kazi ya kuhakiki iliyo muhimu kuliko hii. Sisi tuna majina matatu, cheti cha sekondari kina mawili, pasipoti imepanga mengine, na dada amekwishaolewa akabadilisha la mwisho. Yasawazishe majina mapema. Hakikisha pia dipoziti uliyolipa imeandikwa humo, la sivyo utadaiwa kuionyesha tena benki.

Mengine ya viza nayapita haraka. Anayeomba akiwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hupima kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha hospitali nyingine hakikubaliki. Kuna malipo ya huduma ya afya ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, nayo hulipwa kwa mkupuo kwa muda wote wa viza siku ya kuomba. Usidhani umelipia bima ya kibinafsi: umelipia haki ya kutibiwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na ukifika lazima ujiandikishe kwa GP, yaani daktari wa mtaa unaoishi. Tangu Januari 2024 wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza na wa uzamili wa kawaida hawawezi kuja na mke, mume au watoto. Nafasi hiyo imebaki hasa kwa walio kwenye shahada za utafiti kama uzamivu, na kwa wanaofadhiliwa na serikali. Wakala akikuambia vinginevyo, mwombe akuonyeshe kifungu. Kwa kawaida wakala hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi. Hilo si kosa, lakini ujue kwamba vyuo anavyovisifu ni vile vinavyomlipa.

Sasa umefika, mvua inanyesha, na ratiba yako ina masaa kumi kwa wiki. Hapa linakuja neno "course". Dar es Salaam mwanafunzi husema nachukua kozi tano muhula huu, kila moja na namba yake. Uingereza "course" ni shahada yako nzima, na kile tunachokiita kozi wao hukiita "module". Ukimwandikia ofisa kwamba unataka kuacha "course" moja, anaweza kuelewa kwamba unaacha shule, na ukisema unabadilisha "course", atakwenda kutazama viza yako. Andika "module", na utaje namba yake.

Kila moduli ina krediti. Mwaka wa shahada ya kwanza ni krediti 120, na shahada ya heshima ya miaka mitatu ni 360. Uzamili wa mwaka mmoja ni 180. Krediti moja huhesabiwa kuwa masaa 10 ya kujifunza, kwa hiyo moduli ya krediti 20 ni masaa 200, wakati mihadhara na semina zake hazifiki hata robo ya masaa hayo. Yaliyobaki ni ya kwako na maktaba. Ratiba yenye nafasi tele huwadanganya wageni wakajaza kazi za vibarua. Viza ya mwanafunzi wa shahada huruhusu kazi hadi masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na hicho ni kikomo cha juu. Mtu anaweza kukiheshimu na bado akafeli.

Kuhusu alama, tulia. Kule 70 ni daraja la kwanza. Kuanzia 60 hadi 69 ni upper second, huandikwa 2:1 na kutamkwa tuu-wani. 50 hadi 59 ni 2:2, na 40 hadi 49 ni daraja la tatu. Insha nzuri sana hupata 72 au 74, na 85 kwenye insha ni kitu cha nadra mno. Mzazi aliyezoea kuona 90 kwenye ripoti ya shule aelezwe hili mapema, asije akamvunja moyo mtoto anayefanya vizuri. Kwa uzamili, kufaulu huanzia 50, "merit" 60 na "distinction" 70. Anayeomba uzamili akiwa na GPA ya Tanzania ajue kwamba 3.5 kati ya 5 ndiyo mwanzo wa upper second kwetu, na kozi nyingi za uzamili hudai 2:1. Hata hivyo kila chuo kina jedwali lake la kulinganisha, na baadhi hutaka zaidi.

Kazi utakazopewa ni za aina mbili. "Formative" ni ya kujifunzia, haiingii kwenye hesabu ya mwisho. "Summative" inaingia. Wageni wengi huipuuza ya kwanza kwa kuwa haina alama, na mimi naiona kuwa zawadi kubwa kuliko zote unazopewa chuoni: mwalimu anasahihisha, anakuonyesha mapungufu, na hupotezi chochote. Katika swali la insha ukikuta neno "critically", hutakiwi kumshambulia mwandishi wala kurudia alichosema. Unatakiwa upime hoja yake: inasimama juu ya ushahidi gani, inaacha nini, nani anampinga, na wewe unasimama wapi. Wanafunzi waliosomeshwa kunukuu daftari la mwalimu hupoteza alama hapo muhula mzima.

"Office hours" huwa limebandikwa mlangoni pa mhadhiri, na mgeni husoma kwamba ni saa za kazi ambazo asisumbuliwe. Kumbe ni saa alizotenga kwa ajili yako. Nenda. Kuhusu kumwita, anza na Dr na jina la ukoo. Akijibu kwa kutia sahihi jina lake la kwanza, unaweza kulitumia na hutakuwa umemvunjia heshima. Usimwite kila mhadhiri Profesa, kwa kuwa kule hicho ni cheo cha ngazi ya juu kabisa.

Wizi wa maandishi tumeonywa sote. Kisichosemwa vya kutosha ni "collusion". Sisi tumekulia kwenye diskasheni: watu sita chini ya mwembe, mmoja ana daftari zuri, wote wanatoka na majibu yaleyale. Kujadiliana si kosa. Kosa ni kazi ya mtu mmoja mmoja ikiletwa na watu wawili ikiwa na mpangilio na maneno yanayofanana, na hapo aliyetoa na aliyepokea hushtakiwa pamoja. Kumpa ndugu yako insha yako "aangalie tu" ni hatari kwako pia. Hata kutumia tena insha yako ya mwaka jana ni kosa katika vyuo vingi. Programu za akili bandia zina kanuni tofauti kwa kila moduli, kwa hiyo soma kanuni ya moduli yako. Na wanaotangaza kukuandikia insha kwa malipo wanafanya biashara iliyopigwa marufuku England kwa sheria ya mwaka 2022. Baadhi ya wateja wao baadaye hutishiwa kuripotiwa wasipoongeza fedha.

Ukifeli kuna "resit", ambayo ni sapu yetu. Alama yake huwa "capped": hata ukipata 75, huandikwa kiwango cha kufaulu tu, yaani 40 kwa shahada ya kwanza au 50 kwa uzamili. Lakini kama ulishindwa kwa sababu ya ugonjwa au msiba, na sababu hiyo ikakubaliwa, mara nyingi hupewa nafasi ya kufanya upya kama mara ya kwanza, bila kikomo hicho. Njia ya kufika huko inaitwa "mitigating circumstances", vyuo vingine huandika "extenuating" au "exceptional". Ni fomu yenye tarehe ya mwisho, na inataka ushahidi: cheti cha daktari, cheti cha kifo, barua.

Ninawasihi hapa wasomaji wangu vijana. Kwetu mtu akifiwa husafiri kwanza, maelezo baadaye, na hakuna anayemuuliza. Ugonjwa wa mawazo tunauficha kabisa. Uingereza chuo kina wajibu wa kisheria kufuatilia mahudhurio ya mwenye viza ya mwanafunzi, na ukitoweka wiki tatu kwenda kuzika bila kuandika, kimya chako kinasomwa kama utoro. Andika baruapepe ya mistari miwili kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Na usiingie kwenye mtihani ukiwa mgonjwa kwa kudhani unaonyesha uvumilivu, maana vyuo vingi vina kanuni ya "fit to sit": ukikaa kwenye kiti, umetangaza kuwa wewe ni mzima.

Hali ikizidi, utasikia maneno mawili yanayokaribiana sana, "suspend", ambalo wengine huliita "interrupt", na "withdraw". La kwanza ni kusimamisha masomo na kurudi baadaye. La pili ni kuondoka moja kwa moja, kwa hiari yako au kwa kuondolewa, ambako wanachuo wa Tanzania hukuita kudisko. Kwa Mwingereza tofauti ni ya kimasomo tu. Kwako yote mawili yanagusa viza. Ukisimamisha kwa zaidi ya siku 60, kwa kawaida chuo huiarifu serikali, viza hukatishwa, nawe utatakiwa uondoke nchini na kuomba upya utakaporudi. Usitie sahihi fomu yoyote kati ya hizo kabla ya kuonana na mshauri wa wanafunzi wa kimataifa. Ushauri wa uhamiaji kule ni kazi inayosimamiwa na sheria, na mwalimu wako mpole hana ruhusa ya kuutoa. Mshauri wa chuo anayo, na hakutozi kitu.

Kama unaona umeonewa, tofautisha "appeal" na "complaint". Ya kwanza hupinga uamuzi wa kimasomo, ya pili hulalamikia huduma au jinsi ulivyotendewa. "Appeal" haiwezi kusema tu kwamba insha ilistahili 65 badala ya 58, kwa kuwa maoni ya kitaaluma ya mtahini hayapingwi. Inaweza kusema kwamba utaratibu ulikiukwa, au kwamba kulikuwa na sababu ambayo hukuweza kuieleza wakati ule. Jumuiya ya wanafunzi, "students' union", ina washauri wasio chini ya uongozi wa chuo, nao hukusaidia kuandika bila malipo. Ukimaliza ngazi zote za chuo England au Wales, omba barua iitwayo "completion of procedures", kwa sababu bila hiyo msuluhishi huru wa nje, OIA, kwa kawaida hapokei shauri lako, na una miezi 12 tangu tarehe ya barua hiyo kulipeleka.

Scotland ina mambo yake. Shahada ya kwanza kule ni miaka minne, na katika vyuo vikongwe kama St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh shahada ya kwanza ya fani za sanaa huitwa MA. Mwajiri wa Nairobi anayesoma cheti hicho anaweza kukidhania cha uzamili, nawe una wajibu wa kumweleza ukweli.

Kwa wanaokwenda kusomea uzamivu, msishtuke mkisajiliwa kwanza kama MPhil au wanafunzi wa majaribio. Vyuo vingi hufanya hivyo hadi mpite "upgrade", tathmini ya mwaka wa kwanza au wa pili. Utetezi wa mwisho, "viva", hufanyika chumba kimefungwa, mbele ya mtahini wa ndani na wa nje, bila ndugu wala makofi. Matokeo ya kawaida ni kupita kwa masahihisho madogo. Msisubiri kupita bila masahihisho yoyote, na msiliite hilo kushindwa.

Ukimaliza, Uingereza hutoa viza ya "Graduate" ya kubaki kutafuta kazi: miaka miwili kwa wengi na mitatu kwa wa uzamivu, lakini kwa watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 ile ya miaka miwili itakuwa miezi 18. Huombwa ukiwa bado ndani ya nchi na viza ya mwanafunzi ikiwa hai, baada ya chuo kuiarifu serikali kuwa umefaulu. Na wewe unayerudi nyumbani, kabla ya kufunga mizigo chukua chuoni cheti, "transcript" yenye orodha ya moduli na krediti zake, na maelezo ya kila moduli. Ukipeleka shahada yako TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe, au mwajiri akiuliza mwaka mmoja wa uzamili ulisoma nini, karatasi hizo ndizo zitakazokujibia, na kuzifuatilia ukiwa Dodoma au Kisumu huchukua miezi.